Gari Lenye Mabawa na Watu Walioliunda

Filamu yenyewe inaitwa Make It New John. Ilitengenezwa mwaka 2009 na Duncan Campbell, msanii wa Ireland anayefanyia kazi zake Glasgow. Inachukua kama dakika 50. Haina mapenzi, haina kufukuzana, na wengi wa vijana niliokaa nao kuitazama hapa Nakivale walianza kunong'ona kwamba bora waende kuangalia mpira. Lakini walibaki. Baadaye tulibishana mpaka betri ya sola ikaisha, tukaendelea gizani. Nataka kuandika juu ya ule ubishi, kwa sababu ulihusu kazi, na hapa kwetu hakuna neno linalowauma vijana kama hilo.

Mimi ni mhudumu wa vijana. Shule yangu iliishia sekondari. Mambo ya sanaa ya sinema sikusomea, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona kama nilivyokiona.

Kwanza habari yenyewe, kwa wale ambao hawaijui. John DeLorean alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1925. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Romania, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma cha Ford. Huyu mtoto wa mhamiaji akasoma uhandisi, akaingia General Motors, akapanda ngazi mpaka akawa mmoja wa wakubwa kabisa. Mrefu, suti nzuri, nywele zimetengenezwa, picha zake magazetini pamoja na watu maarufu. Mwaka 1973 akaacha kile cheo. Alitaka gari lake mwenyewe, lenye jina lake mwenyewe. Mwaka 1975 akaanzisha kampuni.

Gari alilolitaka lilikuwa la ajabu kweli. Mwili wake ulifunikwa na chuma kisichoshika kutu, hakikupakwa rangi, kinang'aa kama sufuria mpya. Milango haikufunguka kwenda pembeni, ilifunguka kwenda juu kama mabawa ya ndege anayetaka kuruka. Michoro ilitoka kwa Mwitaliano, Giorgetto Giugiaro. Injini ilitoka Ufaransa. Kilichobaki kupatikana ni pesa, na mahali pa kujenga kiwanda.

Hapo ndipo Belfast inapoingia. Mwaka 1978 Ireland Kaskazini ilikuwa katika vita vyake, Wakatoliki upande huu, Waprotestanti upande ule, na wanajeshi wa Uingereza barabarani. Belfast Magharibi vijana wengi hawakuwa na kazi, na wengine hawakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Serikali ya Uingereza iliwaza hivi: mtu mwenye kazi harushi mawe. Ikakubali kumpa DeLorean pesa, na mpaka mwisho wa habari zile zilikuwa zimefika zaidi ya pauni milioni 70. Kiwanda kikajengwa Dunmurry, pembeni ya mji, mahali palipokuwa na nyasi na matope, katikati ya mtaa wa Wakatoliki wa Twinbrook na mtaa wa Waprotestanti wa Seymour Hill. Kilikuwa na malango mawili, moja likitazama upande huu na jingine upande ule. Lakini ndani, kwenye mstari wa kuunganishia magari, watu walisimama bega kwa bega.

Magari ya kwanza yalitoka mwanzoni mwa 1981. Mwezi wa tano mwaka ule Bobby Sands, ambaye familia yake iliishi Twinbrook, alikufa gerezani kwa mgomo wa kula. Mtaa ukawaka moto, na mabomu ya petroli yakafika mpaka kwenye ofisi za kiwanda. Hata hivyo watu waliendelea kwenda kazini. Walipokuwa wengi kabisa walikuwa kama 2,500. Wengi wao hawakuwahi kuunda gari, walijifunza wakiwa wanaunda. Magari ya mwanzo yalikuwa na kasoro, na Marekani ilibidi yapitie kwanza kwa mafundi wengine wa kuyarekebisha kabla hayajauzwa. Bei ilikuwa dola 25,000, pesa nyingi sana kwa wakati ule, na uchumi wa Marekani ulikuwa umelala. Wanunuzi wakapungua huku kiwanda kikiongeza kasi. Serikali mpya ya Margaret Thatcher ikakataa kuongeza pesa. Mwezi wa pili 1982 kampuni ikawekwa mikononi mwa wafilisi, na kabla mwaka haujaisha kazi ilikuwa imekwisha. Magari yaliyotoka pale yalikuwa kama 9,000 tu.

Mwezi wa kumi mwaka huohuo, DeLorean akakamatwa katika hoteli moja Los Angeles kwa kesi ya kokeni. Mahakama ilimwachia mwaka 1984, baada ya mawakili wake kusema kwamba maofisa wa serikali ndio waliomtega. Mwaka uliofuata gari lake likatokea katika filamu ya Back to the Future, ile ya gari linalosafiri kwenye wakati, na mpaka leo dunia inalijua kwa ajili hiyo. Vijana wangu wenyewe walilijua. Lile gari lilipotokea kwenye shuka yetu walipiga kelele, "Eh, ile gari ya kurudi zamani!" Kuhusu Belfast hakuna aliyejua kitu.

Sasa filamu. Campbell hasimulii mambo kama nilivyoyasimulia mimi, moja baada ya jingine. Amechukua picha za zamani za televisheni na za habari, akaziunganisha kwa namna yake. Unaona Marekani na ndoto yake ya magari. Unamwona DeLorean na uso wake mzuri. Unaona kiwanda na watu wake. Hakuna anayekushika mkono kukuambia huyu ni mbaya, yule ni mwema. Halafu kuelekea mwisho kinatokea kitu ambacho ndicho kilileta ubishi: unaona wafanyakazi wanazungumza, wameshapoteza kila kitu, lakini wale si wafanyakazi wenyewe. Ni waigizaji. Mazungumzo yao Campbell ameyabuni, ameyawaza jinsi yangeweza kuwa. Picha zimetengenezwa zifanane na za zamani, hata usipoambiwa unaweza kudhani ni za kweli.

Nilikuwa nikitafsiri. Kiingereza cha Belfast ni kigumu, hata yule mwalimu wetu aliyesoma Mbarara aliniambia, "Hapo mimi sipo." Kwa hiyo nilikuwa nasimamisha, narudisha nyuma, tunasikiliza tena, tunakubaliana wamesema nini. Labda ndiyo maana tuliisikia vizuri kuliko watu wanaoielewa mara moja.

Ubishi wa kwanza ulikuwa rahisi. Kijana mmoja anayechomelea vyuma, Mkongo kutoka upande wa Fizi, alisema yule mzee ni mwizi, basi. Alikuja mahali penye njaa na vita, akaonyesha picha ya gari zuri, akapewa pesa, akaenda. Na kweli, pesa zilipotea. Dola zaidi ya milioni 17, ambazo zilitakiwa zilipie kazi ya kampuni ya Lotus iliyotengeneza gari lile kihandisi, zilipitia kampuni moja iliyoandikishwa Panama zikafia njiani. Mwaka 1992 mkubwa mmoja wa Lotus alifungwa kwa jambo hilo huko Belfast. DeLorean mwenyewe hakurudi kujibu. Alikufa Marekani mwaka 2005.

Lakini dada mmoja wa Kirundi, ambaye ana mashine yake ya kushona pale karibu na soko, alimkatiza. Akasema, "Ule mwaka mmoja na nusu walikula. Watoto walienda shule. Ungewauliza kabla: mnataka mwaka mmoja na nusu wa mshahara, ama hamtaki kitu? Wangekujibu nini?"

Pakawa kimya kidogo. Kila mtu alikuwa anajua kwamba tumeshaacha kuongea habari za Belfast.

Nieleze. Miaka michache iliyopita ulikuja mradi hapa kwetu. Siutaji jina, na jina halisaidii, maana kila mwenye kuishi kambini ana wake wa kutaja. Walitujengea kibanda kizuri cha bati. Wakaleta mashine sita za kushona, mashine mbili za kuchomelea, jenereta moja. Siku ya ufunguzi kulikuwa na hema, soda, hotuba. Tuliambiwa ni miaka miwili, na baada ya hapo kibanda kitakuwa mali ya vijana wenyewe. Katika hotuba mgeni mmoja alisema jambo ambalo sikulisahau: kijana mwenye kazi mikononi hana muda wa fujo. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Baada ya miezi tisa mkufunzi hakuja. Tuliambiwa pesa zimechelewa, halafu tukaambiwa mpango umebadilika. Jenereta ikachukuliwa kwenda kutengenezwa, haikurudi. Vijana 24 walikuwa wamefika katikati ya fundi, ile katikati mbaya, unajua kuunganisha chuma lakini hujui kupima mlango ukae sawa. Hakuna aliyepata cheti. Waliopata kitu ni wale walionunua vifaa vyao kidogokidogo kwa kuuza sehemu ya mgao. Huyo mchomeleaji wa Fizi ni mmoja wao. Huyo dada wa mashine ni mwingine.

Kwa hiyo nilipotafsiri lile wazo la Belfast, kwamba kazi ililetwa ili watu watulie, nilijisikia vibaya tumboni. Maneno yalikuwa yaleyale. Unapompa mtu kazi kwa sababu unamwogopa, siku hofu yako ikihamia kwingine kazi nayo inahama. Kazi kama hiyo haiulizi kama gari litauzwa, wala kama kuna mtu wa kununua viti tunavyochomelea. Inauliza tu kama mtaa umetulia. Nadhani hapo ndipo ugonjwa wa Dunmurry ulipoanzia, kabla ya kokeni, kabla ya Panama. Kiwanda kilijengwa haraka kwa watu waliohitaji kazi haraka, na wengi walilitazama gari kama kitu cha pili. Watu wale wakalichukulia gari kwa uzito kuliko waliowaajiri. Walijifunza. Kasoro zikapungua. Walipoanza kuwa mafundi kweli, lango likafungwa.

Kitu kimoja nilisoma baadaye kuhusu kiwanda kile hakinitoki. Kulikuwa na kalibu kubwa za chuma zilizotumika kukandamiza mabati yapate umbo la gari. Baada ya kampuni kufa, baadhi yake ziliuzwa, zikazamishwa baharini upande wa magharibi ya Ireland kuwa nanga za kushikia vizimba vya samaki. Niliwaambia wavuvi wa ziwa letu wakacheka sana. Mmoja akasema, angalau kuna aliyekula samaki.

Sasa ubishi wa pili, ambao kwangu mimi ndio mkubwa. Yule mchomeleaji aliuliza, "Yaya, kwa nini hawakuwaita wafanyakazi wenyewe? Mwaka 2009 si walikuwa hai? Kwa nini mtu aigize maneno yao?"

Ni swali la haki. Sisi tunajua kusemewa. Kila mwaka kamera zinakuja hapa. Mgeni anamchagua mama mwenye mtoto, anamweka mbele ya hema, anamuuliza mambo matatu, na jibu linalotakiwa lina mwanzo wa mateso na mwisho wa asante. Baada ya hapo hujui sura yako inaishi wapi. Kwa hiyo vijana wengi walisema Campbell naye kafanya vilevile, tena yeye vibaya zaidi, hata sura zao hakuzitaka.

Mimi niliona tofauti, na mpaka sasa naona hivyo. Angalia zile picha za zamani za televisheni. Habari nzima inamfuata DeLorean: akitabasamu, akishuka kwenye gari, akitoka mahakamani. Mfanyakazi anapewa nafasi ndogo, anaulizwa unajisikiaje, basi wanarudi kwa bosi. Hakuna aliyekaa na wale watu mpaka wakachoka kujibu na kuanza kuongea. Nadhani ndiyo maana Campbell alilazimika kubuni. Maneno yenyewe hayakuwepo kwenye makabati ya televisheni, kwa sababu siku ile hakuna aliyeyataka. Na hakutuficha hilo. Unapojua kwamba wale ni waigizaji, unaona shimo. Unajiuliza wenyewe wako wapi. Filamu yenye sauti tamu ya kusimulia ingelifunika shimo hilo, na sisi tungeenda kulala tukidhani tumewasikia.

Kijana wangu hakukubali. Alisema, "Shimo halilipi mtu." Nikamwachia neno lake, kwa sababu ana haki nalo, na kwa sababu alikuwa ametukaribisha kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki ileile tulikuwa tumepata barua kwamba mradi mwingine unakuja, wa ufundi wa pikipiki, na mimi nilitakiwa kuorodhesha majina ya vijana 30. Nilikuwa na majina kumi na moja tu. Waliochomwa na kile kibanda cha kwanza walikuwa wanawaambia wadogo zao wasijiandikishe. Wengine walinishuku hata mimi, kwamba napata kitu. Na sikuwa na neno la kuwaambia, maana siwezi kuapa kwa pesa ya mtu mwingine. Kusema "safari hii ni tofauti" ningekuwa DeLorean mdogo mwenye baiskeli.

Usiku ule, baada ya betri kuisha, dada wa mashine ndiye aliyesema. Alisema watu wa Belfast hawakukosea kuingia langoni. Alisema mtu mwenye njaa haombwi radhi kwa kukubali kazi. Shida ni kwamba bosi alikuwa na karatasi zote, serikali ilikuwa na karatasi zote, wao walikuwa na mikono tu. "Sisi tuingie," alisema, "lakini tuingie na daftari."

Tukaandika maswali kesho yake. Hayakuwa mengi. Pesa zimeshafika au zimeahidiwa? Vifaa ni vya nani siku mradi ukifa, na hilo limeandikwa wapi? Mtu aliyefika nusu ya mafunzo atapata karatasi gani ya kuonyesha nusu yake? Nani atanunua kazi ya mikono yetu hapa Isingiro, si kwenye ripoti? Wale wa mradi walipokuja kikaoni, yule mchomeleaji ndiye aliyesimama kuyasoma. Sauti ilimtetemeka kwenye la kwanza, la pili likatoka vizuri. Walijibu mawili palepale. Kuhusu vifaa walisema watauliza wakubwa wao. Kuhusu nusu ya mafunzo walikubali kwamba kila baada ya miezi mitatu kutakuwa na karatasi yenye sahihi, inayosema huyu anajua hiki na hiki. Si ushindi mkubwa. Mwisho waliojiandikisha ni 26, si 30.

Na tumeanzisha daftari la pili. Hili si la maswali. Kila Ijumaa mtu mmoja anaandika, au anayejua kuandika anamwandikia asiyejua, wiki ilikuwaje: tulifungua injini ya aina gani, mkufunzi alikuja siku ngapi, nani aliumia kidole, nani alipata mteja wa kwanza na alilipwa shilingi ngapi. Wengine wanaandika kwa Kiswahili cha Bukavu, wengine kinachanganyika na Kirundi, hatusahihishi. Daftari linakaa kwa yule dada, chini ya mashine yake, halikai ofisini.

Kama mradi utafika mwisho wake vizuri, tutafurahi na daftari litakuwa ukumbusho. Kama utakufa katikati, basi mtu atakayekuja baada ya miaka 30 kutaka kutengeneza filamu juu yetu hatahitaji waigizaji wa kubuni tulisema nini. Wasomaji wa jarida hili mlio Kakuma, mlio Nyarugusu, mlio Kyangwali: ninyi pia mmeona vibanda vikifunguliwa kwa soda na kufungwa kimya. Kama mna madaftari kama haya, tuandikieni mnayaweka wapi, na mmepata namna gani ya kuyakinga na mvua. Letu limeshalowa mara moja.